Usimuulize Mtoto Kama Ameelewa

Marahaba, marahaba, nimewaitikia wote kwa mpigo ili salamu zisitumalizie muda. Nataka kusema na ninyi mnaofundisha tuisheni, mliomaliza vyuo mkakaa nyumbani mkisubiri ajira, mkaona bora kukusanya watoto sita barazani kuliko kukaa bure. Mimi mzigo huo nimeshautua. Tangu mwezi wa pili nimefunga, na sijui niwaelezeje raha ninayoisikia. Nakunywa chai ikiwa bado ya moto. Naweza kumsikia mtoto anapita njiani anakosea kuzidisha, na nisitoke nje kumsahihisha. Haya, mara moja nilitoka, lakini mara moja tu.

Hapa Mbinga mjini wananiita Mwalimu Bibi. Kwetu ni Lituhi, ziwani, na baba yangu alikuwa mvuvi. Huku juu nililetwa na ndoa. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mmatengo mwenye kahawa nyingi na maneno machache. Nilifundisha shule za msingi mpaka nikastaafu, halafu nikafundisha tuisheni ya hesabu sebuleni kwangu miaka tisa. Na katika miaka yote hiyo, swali nililouliza mara nyingi kuliko jingine lolote lilikuwa la kijinga. Nilikuwa nauliza, "Mmeelewa?"

Mnacheka. Nanyi mnauliza hivyo hivyo, nawasikia nikipita.

Mtoto wa huku kwetu, awe wa ziwani au wa milimani, amelelewa kumheshimu mkubwa. Mkubwa akisema, unaitikia. Kumwambia mwalimu "sijaelewa" ni kama kumwambia mama aliyekukaribisha kwamba mboga yake haina chumvi. Kwa hiyo mtoto anasema ndiyo. Anaisema kwa adabu, macho chini, mikono nyuma, nawe kichwa kinavimba, unageuka kufuta ubao. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Nilisema ndiyo tangu darasa la kwanza mpaka chuo cha ualimu, na nusu ya niliyoyaitikia sikuyaelewa. Hata hivyo nilipoishika chaki, nikawaamini watoto waliponiambia ndiyo. Sasa huo si uzuzu?

Kuna mtu alijaribu kunizindua mapema. Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa Chiwanda, kule kuelekea mpaka wa Msumbiji, na mwalimu mkuu wangu alikuwa mzee mmoja mpole, Mwalimu Gaudensi. Siku moja akaja kukaa nyuma ya darasa langu. Jamani, siku hiyo nilifundisha! Nilichora, nikapiga mistari kwa rula, nikatumia chaki za rangi nilizonunua mwenyewe. Watoto walipotoka nikamfuata nikisubiri sifa. Akaniambia kwa upole wake kwamba ubao umefundishwa vizuri sana, na yeye hana shaka ubao utafaulu. Kuhusu watoto hakuwa na hakika. Nikanuna wiki nzima. Nilikuwa binti mwenye cheti kipya na viatu vipya, nani angenieleza kitu? Hata sikumuuliza ana maana gani. Nilisema ndiyo, Mwalimu Mkuu, nikaenda zangu.

Sasa niwape habari za Skolastika, maana ndiye aliyenifundisha kazi hii wakati nilishaistaafia mara moja.

Aliletwa na mama yake mwezi wa kwanza mwaka jana. Alikuwa amefeli upimaji wa kidato cha pili na anarudia darasa. Utaratibu mnaujua: ukishindwa mara ya pili, shule basi, unarudi nyumbani. Kwao ni kijiji cha milimani, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka hapa, na siku za masomo alikuwa amepanga chumba na wenzake karibu na shule. Baba hayupo, aliondoka zamani. Mama Skola alikaa ukingoni mwa kiti, akaniambia kwamba huyu ndiye mtoto wake wa kwanza kufika sekondari. Maisha yake yeye yameishia kwenye jembe, akasema, na hataki kuyaona yakirudiwa. Nikamwambia aniachie mimi. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyefaulisha wengi.

Miezi miwili Skola alikuwa mwanafunzi ambaye kila mwalimu anamtamani. Wa kwanza kufika, anafuta ubao bila kuambiwa, daftari lake safi kama kitambaa cha altare. Nikieleza namuuliza, Skola, umeelewa? Ndiyo, Mwalimu. Tukaimaliza aljebra nzima kwa mwendo huo. Nikikutana na mama yake siku ya soko namwambia asiwe na wasiwasi, mtoto anaiva.

Mwezi wa tatu shule ikatoa jaribio. Skola alipata kumi na moja kwa mia.

Mama yake alikuja, Skola akiwa nyuma yake. Mimi nilijiandaa kugombezwa. Ningegombezwa ningejitetea, mdomo ninao. Badala yake alinibebea maharage, akaniuliza hali ya mgongo wangu, akanishukuru kwa kazi ngumu ninayoifanya, kisha akasema polepole, "Mwalimu, labda huyu mtoto ndiye mgumu. Usijichoshe."

Kwetu mkubwa haambiwi kwamba amekosea, anafungiwa maharage. Yaliniuma, lakini aliyeumia zaidi hakuwa mimi. Skola alikuwa amesimama mlangoni, na nilimwona akiyapokea maneno yale kama habari aliyoijua siku zote. Hakulia, hakununa, alikubali tu. Nilikuwa na neno moja tu la kweli mdomoni, mama, mgumu ni mimi, na nikashindwa kulisema. Nikapokea maharage, nikashukuru.

Neno hilo lilinikaa kooni mpaka Jumamosi. Asubuhi nikachukua bodaboda kwenda kijijini kwao kuomba radhi. Nikawakuta mlimani wanalima ngoro. Kwa wasio wa huku, ngoro ni mashimo ya Wamatengo: unafyeka majani mteremkoni, unayapanga kwa mistari inayokatana mpaka mlima mzima uwe na miraba, halafu unachimba udongo katikati ya kila mraba unafunika majani pande zote nne. Katikati linabaki shimo, na juu ya kingo unapanda maharage. Mvua ikinyesha maji yanatulia shimoni, udongo hauendi bondeni.

Mimi mkwe wa Wamatengo miaka yote hiyo, ngoro sijawahi kuchimba. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba mtu wa ziwani akipewa jembe hulitafutia samaki. Sasa siku ile, kwa aibu niliyokuwa nayo, nikaona nisiombe radhi nikiwa nimesimama kama mkaguzi. Nikaomba jembe. Mama Skola akakataa kwa adabu, mimi nikang'ang'ania, mwishoni akamwambia Skola anionyeshe.

Wanangu, yule aliyenifundisha mlimani sikuwahi kumwona sebuleni kwangu. Hakuniuliza kama nimeelewa. Alichimba mraba mmoja, taratibu, bila maneno. Akanisogeza kwenye mraba unaofuata akaniambia nichimbe mwenyewe, yeye ataangalia. Akasimama pembeni yangu, si mbele yangu, mikono yake nyuma, na hata nilipohangaika hakunipokonya jembe. Nilifunika ukingo wa juu vizuri, wa pembeni vizuri, nikajisifu. Nilipofika ukingo wa chini nikachoka nikatupia udongo kidogo. Hapo hapo akanyoosha mkono.

"Hapana, Mwalimu," alisema. "Hapo chini umeacha pembamba. Mvua itapasua hapo, na mashimo yote ya chini yataondoka."

Nikamtazama. Miezi miwili na nusu, na ndiyo hapana ya kwanza aliyowahi kuniambia. Kumbe binti anayo sauti! Kumbe anajua kufundisha kuliko mimi! Nilijiinamia pale nikacheka mpaka mama yake akaingiwa na wasiwasi. Nikamwambia mama huyo, mbele ya binti yake, kwamba Skola si mgumu hata kidogo, ile alama ya kumi na moja ni kosa langu, na nimekuja kuomba radhi. Akaitikia ndiyo, Mwalimu. Nikajua hajaniamini.

Jumatatu nilibadilisha namna ya kufundisha. Sikuisoma popote, niliifikiria nikiwa nimelala nakanda kiuno. Niliandika ubaoni swali zima pamoja na jibu lake, hatua saba. Nikawaambia watoto wote sita waje mmoja mmoja waweke kidole pale walipokwama. Kusema hukukwama hakuruhusiwi. Aliyeelewa yote aweke kidole pale anapodhani mwenzake atakwama. Mnaona nilichofanya? Watoto wa kwetu watiifu, basi nikaufanya utiifu wenyewe uwe ni kukwama. Atakayenyamaza ndiye atakayekuwa amenikaidi.

Wakatazamana. Akaja wa kwanza, akaweka kidole hatua ya sita. Wa pili ya tano. Skola alikuwa wa mwisho, akaja polepole, akaweka kidole hatua ya kwanza kabisa. Pale palikuwa na nusu kujumlisha theluthi. Hesabu ya shule ya msingi! Niliona giza. Aljebra yote ile tuliyoimaliza, nilikuwa nimeijenga hewani. Nilitaka kusema, mwanangu, hata hii? Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno, nikaumeza. Nikamwambia asante.

Tukaanza na maharage ya mama yake. Nusu sado, lile kopo la kupimia sokoni, theluthi ya sado, tukimimina na kupima mpaka Skola akasema mwenyewe kwamba haviwezi kujumlishwa mpaka vigawanywe vipande vinavyolingana. Wiki tatu tulikaa kwenye hesabu za sehemu tu. Mzazi mmoja akamwondoa mtoto wake, akasema nimezeeka, nafundisha ya darasa la tano. Iliniuma, lakini sikumfuata.

Msidhani baada ya hapo ilikuwa mteremko. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na ninyi wenye hasira kama zangu mnisikilize hapa. Mwezi wa sita Skola alishazoea kuniambia hapana. Siku moja akaniambia hapana nikiwa nimepatia, yeye ndiye aliyekosea, nami siku hiyo nilikuwa na homa na mgongo unauma. Nikamjibu kwa kejeli. Nikamuuliza kama anataka chaki afundishe yeye. Wenzake wakacheka. Skola akakaa, na wiki nzima akarudi kuwa ndiyo, Mwalimu. Kidole anaweka popote tu, anakisia. Neno moja, sekunde tatu, na miezi mitatu ya kazi inakwenda na maji.

Nilimwomba radhi faraghani, akasema haidhuru, Mwalimu. Haikusaidia kitu. Ndipo nikaona aibu niliyompa mbele ya watu haiwezi kuondoka nyuma ya nyumba. Nikaandika ubaoni, hasi mara hasi ni chanya. Nikaweka kidole changu juu yake. Nikawaambia wote kwamba mimi nimelifundisha jambo hili tangu nikiwa msichana, nimewachapa watu kwa ajili yake, Mungu anisamehe, na kwa nini iko hivyo sijui. Nililikariri. Nimekwama hapo mpaka leo nina mvi.

Wakaangua kicheko, si cha dharau, cha watu waliopata nafuu. Skola naye akacheka, akaziba mdomo. Tulihangaika nalo siku mbili, sote. Mmoja akaleta habari ya kurudi kinyumenyume, mwingine habari ya kuondoa deni, na mwishoni tukalipata kiasi cha kuridhika. Nilijisikia mwepesi ajabu. Mambo yote niliyokuwa nayaficha chini ya chaki, kumbe kuyatoa hakuui mtu. Na Skola kuanzia hapo alirudi, hapana zake zote zikarudi.

Mkitaka niwape mengine ya kazi, nitawapa haya machache kisha nimalizie. Kaeni pembeni ya mtoto, si mbele yake. Ukikaa mbele unakuwa askari. Kalamu yake usiishike hata kama anakuudhi kwa polepole yake. Swali la kwanza la siku liwe ambalo analiweza, ili mkono uanze kwa ushindi. Na simu hizi wanazopigia picha maswali zikawapa majibu, msigombane nazo. Mimi nilimwambia kijana mmoja simu yako imepata kwa njia gani, nieleze, akatoa jasho kuliko ambavyo fimbo ingemtoa. Fimbo yenyewe ilinichukua muda mrefu kuiacha, sitawadanganya.

Mtihani ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Skola aliingia, akatoka, akapita kwangu akaniambia mengine ameyaweza na mengine hakuyaweza, akanitajia moja moja ni yapi. Hakusema ilikuwa nzuri tu, kama watoto wanavyosemaga. Likizo ikaja, akaenda Lituhi kwa shangazi yake aliyeolewa huko, nikamtuma awasalimie ndugu zangu na akirudi aniletee mbasa wakavu, samaki wa ziwa letu. Mimi nikabaki na kungoja. Nawaambia kweli, nimefaulisha watoto wengi na nimefelisha wengi, lakini sijawahi kungoja matokeo kama yale. Nilikuwa nakosa usingizi wa mchana, na usingizi wa mchana kwangu ni kitu kikubwa. Yule mama asingeniambia neno kama binti angefeli. Angeniletea maharage tena, na Skola angeshika jembe akiamini maisha yake yote kwamba yeye ni mgumu.

Siku moja ya mwezi wa kwanza, saa nne asubuhi, nachambua mchele uani, akaingia Mama Skola. Peke yake, miguu ina tope mpaka magotini, maana mvua ilikuwa imenyesha. Nikamkaribisha, akakataa maji, akakataa kiti. Akafungua pindo la kitenge akatoa simu ndogo.

Akasema mwalimu wa darasa ametuma ujumbe tangu asubuhi. Nikamuuliza unasemaje. Akaninyooshea simu kwa mikono miwili.

"Nisomee, Mwalimu," akasema. "Mimi sijui kusoma. Husoma Skola, na Skola yuko ziwani."

Nikabaki na ungo mkononi. Saa mbili mlimani, peke yake, na jibu lenyewe amelifunga kiunoni. Amepishana na watu wote wale njiani, vijana wa bodaboda, wenzake wa jumuiya, mwenye duka, na hakumwomba hata mmoja. Akaniambia kwenye mikutano ya wazazi, mwalimu akigawa karatasi na kuuliza kama wameelewa, yeye husema ndiyo kama wengine. Alisema hayo bila kuniangalia, kisha akaniangalia. Alisema amekuja kwangu kwa sababu Skola alimsimulia kwamba huku kwangu mtu mzima aliwahi kusema hajui, na hakuna aliyemcheka vibaya.

Nilifuta mikono nikaipokea simu. Miwani ilikuwa ndani, nikaona nikiifuata atakufa yule mama, nikaisogeza simu mbali na macho nikasoma. Skolastika amefaulu. Anaendelea kidato cha tatu. Hesabu amepata C.

Nikamsomea. Akasema nisome tena. Nikasoma tena. Akakaa chini pale pale kwenye majani mabichi, akafunika uso kwa kitenge, na mabega yakamtetemeka, nami nikakaa kando yake nikalia bila haya, mchele kuku wakaula wote. Tulikaa hivyo mpaka tukaishiwa machozi. Hata leo nikikumbuka kifua kinafunguka.

Alipotulia alijipangusa, akachukua simu yake, akaigeuzageuza. Nilidhani anataka kuaga. Akanisogezea tena kioo chake.

"Mwalimu," akasema, "jina lake liko wapi hapo?"

Nikamwonyesha. Akalitazama muda mrefu, herufi kwa herufi, kisha akaniuliza ile ya kwanza inaandikwaje. Nikachukua kijiti, nikampa mkononi mwake, nikasogea pembeni yake pale chini kwenye udongo.